Mlango Ulionyamazishwa

Mume wangu hana ugomvi na mtu yeyote duniani, ila mlango unaolia. Akiingia nyumba ya watu, kabla hajaketi, jicho limeshakwenda kwenye bawaba. Atauvuta mlango, atausukuma, atatikisa kichwa. Hata msibani nimewahi kumfinya ili aache.

Watu wanamwita Fundi Kimya, na jina limemkaa. Mimi ndiye msaidizi wake. Yeye anakaza skrubu, mimi nashikilia mlango usiyumbe, na kwa miaka kumi na tisa mabega yangu yamebeba milango ya nusu ya mtaa. Kwetu nako mlango hausemi kitu. Naweza kuwa jikoni nimezama kwenye mawazo yangu, nikigeuka namkuta amesimama nyuma yangu. Vikombe nilivyovunja kwa kushtuka havina idadi. Nikilalamika anacheka tu, anasema hiyo ndiyo sifa ya kazi nzuri.

Basi siku moja akatuita dada mmoja, mwalimu, twende kwa mama yake. Mama yule haoni tena. Anaishi peke yake katika vyumba viwili, na mlango wake wa mbele ulikuwa umelegea mpaka unakwaruza sakafu. Binti alitaka mama asihangaike kuusukuma. Mume wangu aliung'oa, akaupiga randa upande wa chini, akabadilisha bawaba zote tatu na kuzipaka grisi ya kutosha. Vumbi la mbao lilielea kwenye mwanga wa dirishani, taratibu, na mama alikuwa kwenye kiti chake akisikiliza kila kitu. Tulipomaliza, mlango ulifunguka kwa kidole kimoja. Binti alifurahi. Mama hakusema neno, nasi tukadhani ameridhika.

Wiki haikuisha, binti akapiga simu. "Njooni muone mlichofanya."

Tulimkuta ana plasta kwenye paji la uso. Alikuwa amemletea mama mboga. Mama hakusikia mtu akiingia, akasikia pumzi tu karibu yake, akamtwanga fimbo.

"Nilijua mwizi," mama akasema.

"Mama, kesho unahamia kwangu. Hapa hapakufai tena."

"Sihami. Nyumba yangu naijua. Nimenyang'anywa mlango tu." Akageuza uso kutafuta alipo mume wangu. "Fundi, kaa nikwambie. Ule mlango ndio uliokuwa macho yangu. Huyu binti anausukuma mara moja, kwa pupa, tangu mdogo. Jirani anaufungua nusu, anasimama, anauliza kama nipo, utadhani nina pa kwenda. Marehemu baba yao alikuwa akiunyanyua kidogo kwa kitasa, asiniamshe. Mimi nikawa naamka kwa kule kunyanyua. Sasa watu wananitokea tu, kama niko ndotoni."

Nilimtazama mume wangu. Sijawahi kumwona ameinamisha kichwa vile. Mtu aliyesifiwa maisha yake yote kwa kunyamazisha milango, leo anaambiwa amempofusha mtu mara ya pili. Nilimwonea huruma, kweli. Lakini sitadanganya, sehemu moja ya moyo wangu ilisema afadhali ameambiwa na mwingine.

"Dada," akamwambia binti, "nipe leo tu. Jioni usiporidhika, mchukue mama."

Binti akakubali, kwa shingo upande.

Mume wangu hatupi kitu. Yale makopo yake ya bawaba kuukuu yaliyojaa uvunguni mwa kitanda nimeyatukana mara nyingi. Siku hiyo nilikwenda mwenyewe kuyachukua, mbio kwenda na mbio kurudi.

Alianza kwa kurudisha bawaba ya juu, ile ya zamani. Mlango ukalia.

"Huyo siye," mama akasema, akiuita mlango kama mtu. "Huyo analia kama paka. Wangu alikuwa anaguna kwanza, halafu ndio anauliza."

Mume wangu akafuta grisi yote kwa kitambaa. Akachomeka kipande cha bati nyuma ya bawaba ili mlango uiname kidogo.

"Sasa anaguna. Lakini haulizi."

Alasiri ikapita hivyo. Jua lilisogea kutoka miguuni pa kiti mpaka ukutani. Mlango ulikuwa umeegemea begani kwangu, nami nilikuwa nusu macho nusu usingizini, na kila ulipolia niliona watu wakiingia: watoto wanatoka shule, mwanamume ameshika viatu mkononi, wageni ambao hata mama mwenyewe huenda ameshawasahau. Nyumba ile ilikuwa imejaa watu, na sisi ndio tuliowafungia nje. Niliona haya.

Kisha mume wangu akalegeza skrubu moja, robo tu. Mlango ukaguna, ukapanda sauti katikati, ukanyamaza. Mama akaweka mkono kifuani.

"Msimguse tena," akasema. "Ndiye huyo."

Binti alitaka kuhakikisha. Akatuamuru tukae kimya, akatoka nje, akasubiri kidogo. Halafu akaufungua mlango polepole, nusu, akasimama. Alikuwa anaigiza jirani.

Mama akacheka mpaka fimbo ikamponyoka. "Mwanangu, jirani hajawahi kuwa na subira hiyo. Ingia. Na unisamehe hilo paji."

Binti alikaa palepale kizingitini, akalia. Habari ya kuhama haikutajwa tena.

Njiani mume wangu alibeba makopo yake mwenyewe. Nami kwa mara ya kwanza sikumchokoza.

Siku chache baadaye nilikuwa jikoni naosha vyombo, nimezama mbali kabisa. Nyuma yangu mlango wetu ukalia, sauti nyembamba, ya aibu aibu. Sikugeuka. Mikono ikiwa bado majini, nikasema neno ambalo wanawake wenzangu wote wa mtaani huwaambia waume zao, nami kwa miaka kumi na tisa sikuwahi kupata nafasi ya kulisema.

"Umerudi?"

"Nimerudi," akasema, na hakuna kikombe kilichovunjika.