Amplifaya Moja, Magita Mawili

Mwenyekiti wa kwaya aliponiambia niende Tunduma peke yangu kuchagua amplifaya, nilipaswa kukataa. Nilipaswa kumwambia kwamba kitu cha kutumiwa na watu wawili huchaguliwa na wote wawili. Badala yake nilivaa koti na kofia, nikapanda gari la asubuhi, nikajiona kama mjumbe wa serikali.

Amplifaya yetu ya awali, ya transista, ilikuwa imeungua siku umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo. Hakuna aliyeililia. Sauti yake ilikuwa nyepesi kama uji wa mgonjwa, lakini ilikuwa safi, na tulipita humo sote wawili: mimi na gita la ridhim, shemeji yangu na gita la solo. Shemeji huyu ndiye aliyemwoa dada yangu. Tumepiga pamoja tangu ujana, kwenye harusi za Mbozi nzima na kanisani kwetu Ihanda. Halafu akapata kiharusi, mkono wake wa kulia ukapungua nguvu. Vidole vilikumbuka kila wimbo, ila viligusa nyuzi kwa upole, kama mtu anayefuta vumbi kwenye miwani. Dada yangu aliwahi kuniambia jikoni kwake, "Kaka, lile gita ndilo linalomtoa kitandani. Asipopiga, huyu atalala moja kwa moja." Kwa hiyo nilijua. Siwezi kusema sikujua.

Hakufuatana nami. Nami nilisema Tunduma na foleni yake ya malori si mahali pa mtu anayetembelea fimbo, tena kwa sauti ya huruma. Ukweli ni kwamba nilitaka kuchagua bila kuulizwa maswali. Yeye aliniomba jambo moja tu.

"Shemeji, ukiijaribu, piga polepole. Usikilize kama sauti ndogo inafika."

"Wewe unataka amplifaya au unataka msiba?" nikamjibu, na wanakwaya wakacheka. Nilikuwa bingwa wa maneno ya namna hiyo.

Nilikuwa nimefanya utafiti, ati. Utafiti wenyewe ulikuwa video za kwenye simu: wanaume wenye ndevu wameketi mbele ya ukuta uliojaa magita, wanapiga noti chache, wanafumba macho kama wamemeza asali, kisha wanaeleza weee, jinsi taa za ndani ya amplifaya zinavyoipa sauti joto. Mimi niliyelelewa na transista na kulishwa harusini na transista nikajifunza kuidharau. Nikawahutubia wanakwaya kwamba amplifaya ya kweli ni ya taa, zile taa za kioo kama za redio za baba zetu, na kwamba ina sauti mbili: safi ukiigusa taratibu, na mkwaruzo mtamu ukiipiga kwa nguvu. Walitikisa vichwa kwa heshima. Hawakuelewa lolote, na mimi niliwazidi kidogo sana.

Duka lilikuwa kando ya barabara iendayo mpakani, ambako malori yanasubiri kuvuka kuingia Nakonde huku injini zinanguruma kutwa. Zilikuwepo amplifaya mbili za taa, zote zimetumika ng'ambo. Moja ilikuwa kubwa, nyeusi, nzito, sura yake kama sanduku la mwanafunzi wa bweni. Nyingine ilikuwa ndogo, imevikwa kitambaa cha rangi ya maziwa, ina mshikio wa ngozi. Ile kubwa ilitoa sauti safi, na hata nilipoongeza volyumu haikukwaruza. Kwa makelele yale ya barabarani nikaiona imepooza. Ile ndogo, mara tu nilipoifungulia, ikaanza kunguruma.

"Mzee wangu, hii ndiyo vinteji," muuzaji akasema, kijana aliyevaa miwani ya jua ndani ya duka. "Sauti ya enzi zenu."

"Na ile nyeusi?"

"Ile ya watu wa bendi, mzee. Haina utamu. Hii inakwaruza yenyewe."

Inakwaruza yenyewe! Maneno hayo yangemshtua mtu mwenye akili, kwa sababu kitu kinachokwaruza chenyewe hakikuulizi kama unataka. Mimi yalinifurahisha. Nikapiga ngoma ya harusi kwa nguvu zote, nikishindana na malori, na Mzambia mmoja aliyekuja kununua spika akainua dole gumba. "Chisuma, bashikulu!" akanisifu kwa Kibemba, na babu mzima nikavimba kifua. Sikupiga polepole hata mara moja. Chombo cha kanisani nikakichagua kwa masikio ya barabarani, tena kwa sababu kilikuwa na sura ya zamani, kana kwamba uzee nilionao haunitoshi mpaka niongeze mwingine dukani.

Jumamosi tukafanya mazoezi. Amplifaya ilikuwa na matundu mawili ya kuchomeka magita. Shemeji akachomeka la kwake kwanza, akapiga peke yake, na sauti ikatoka nzuri. Akatabasamu. Kisha nikaingia mimi.

Yaliyotokea yangeelezwa na mwanafunzi yeyote wa ufundi, lakini wenye ndevu wa kwenye simu hawapigi wawili kwenye amplifaya moja, kwa hiyo hawakuniambia. Ikishaanza kukwaruza haitenganishi tena. Inayachanganya magita yote mawili kuwa kitu kimoja, na mwenye mkono mzito ndiye anayesikika. Nilipopiga, noti zake zilizama. Aliongeza sauti ya gita lake, mngurumo ukazidi. Nilipopunguza volyumu ya amplifaya mpaka ikatakata, waimbaji wa nyuma hawakusikia kitu.

"Babu, mbona leo kama mashine ya kusaga?" akauliza mama mmoja wa sauti ya kwanza. Kanisa zima likacheka. Shemeji naye akacheka.

"Ndilo chaguo la mtaalamu," akasema.

Ulikuwa utani, na ulinistahili. Ningeweza kusema nimekosea, tuirudishe. Nilichosema ni hiki, mbele ya kwaya nzima: "Amplifaya haina tatizo. Tatizo ni mkono. Gonga nyuzi, shemeji, usizibembeleze."

Kicheko kikakatika. Yeye akautazama mkono wake wa kulia, akaugeuza, kama anayeukagua kwa niaba yangu.

"Mkono ndio huu uliobaki, shemeji," akasema. Akachomoa waya wake, akaukunja vizuri, akaketi.

Wiki zilizofuata nilipiga peke yangu. Nilijiambia atarudi, hasira zitapoa, na kila Jumapili niliipigia kwaya ule mkwaruzo wangu mtamu, nao waliuvumilia. Kisha dada yangu akaniambia kwamba mumewe amelitoa gita lake, limekwenda Ibaba kwa mpwa wake. Hapo nikazinduka. Nikaibeba amplifaya ya rangi ya maziwa hadi Tunduma, nikaibadilisha na ile nyeusi, ambayo bado ilikuwapo kwa sababu wajinga wenzangu wote walitaka vinteji. Nikaipeleka moja kwa moja sebuleni kwake, nikaomba msamaha kwanza, ndipo nikachomeka gita langu na kulipiga taratibu, jinsi alivyokuwa akipiga yeye.

Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa na hasira. Ningefurahi angekuwa nayo.

"Nzuri hii, shemeji," akasema. "Itafutie mpigaji."

"Mpigaji ni wewe."

"Mimi nimeshaacha."

Dada yangu akaingia na chai, tukaongea habari za mbolea.

Hajapiga tena. Siku hizi asubuhi nyingi nikipita, dada ananiambia bado amelala, ingawa jua limeshapanda. Kanisani anakaa benchi la nyuma, mikono mapajani. Tunasalimiana, tunaulizana habari za kahawa na watoto, na hatuna ugomvi wowote. Kijana anayepiga solo sasa ni hodari, ila ananisubiri nimalize ndipo aanze. Shemeji alijua niendako katika wimbo kabla sijafika. Uchaguzi ule ulinigharimu mtu pekee niliyeweza kupiga naye, na yeye ulimgharimu gita lake.