Nailoni ya Toleo la Kwanza

Fundi wa lifti wa jengo letu hapa Łódź hunawa mikono mara mbili kabla ya kugusa kasha lolote la filamu zake: kwanza kwa sabuni ya unga kuondoa grisi, kisha kwa sabuni ya kuogea. Ana matoleo maalumu yote ya filamu za maharamia wa mwezini, la mkebe wa bati, la kasha la mbao, la kuadhimisha miaka kumi, na hajachana nailoni ya hata moja. Hulipangusa kila moja kwa kitambaa cha miwani na kulirudisha rafuni. “Fundi, unafuga makasha?” mimi humtania. “Wewe unafuga paka, nimekuuliza?” hunijibu.

Jumapili moja tulikuwa kwake tukinywa chai, Bi Bogumiła wa ghorofa ya tatu akatuambia kwamba marehemu mumewe ndiye aliyekuwa msomaji wa filamu zile, yule mtu mmoja anayesoma kwa Kipolandi, juu ya sauti zao, maneno ya wahusika wote, wanaume kwa wanawake. “Siku hizi wameweka kijana mwingine,” alisema. “Sauti kama tangazo la dawa ya meno!” Fundi akainuka, akanawa mikono. Mara mbili. Akashusha toleo la kwanza kabisa, akapenyeza ukucha, nailoni ikachanika. Mimi nilifumba macho. Akatia diski mashineni, sauti ikaanza, nzito, isiyo na haraka, ikisoma maneno ya malkia, na katikati ikakohoa kidogo. “Mnamsikia?” akasema bibi. “Nilimwambia asiende kazini na koo lile. Mbishi huyo!” Fundi alichukua rimoti, akarudisha nyuma hadi pale anapokohoa.