Chapa Kwenye Jiwe la Kisima

Jumatatu nilikuwa Wajir, afisini kwa Bwana DC, nikingojea pasi ya kushuka Garissa. Mbele yangu alisimama mzee mfugaji, fimbo begani, kidole chake juu ya karatasi ya karani. Ilikuwa michoro ya watu wa kale ambayo DC alikuwa ameinakili kutoka kwenye jiwe lililo kando ya kisima cha mzee huyo. Kesho yake DC angeamua kisima kile ni cha ukoo gani.

"Hii futa," mzee alisema, akigonga kiduara chenye mstari katikati. "Hii iko chapa ya ngamia ya wale watu tunashindana. DC akiona, atasema kisima ni yao."

Karani akacheka. "Mzee, hii ilichongwa kabla ya babu wa babu yako."

"Wewe najua. Karatasi najua?"

Mzee akaanza kukikwaruza kiduara kwa ukucha. Ili kumtuliza, karani akamwonyesha ng'ombe waliochorwa pembeni, wasio na nundu, pembe ndefu kama mikuki. "Na hawa je? Ng'ombe wa nani?"

Mzee aliinama, akawatazama sana. "Wallahi, hapana mtu najua hii ng'ombe."

"Umeona? Wenyewe hawapo tena."

Nilidhani atatulia. Aliishusha fimbo, akaishika kwa mikono miwili.

"Na hao, kisima ilikuwa yao," alisema.

Karani hakucheka tena. Aliigonga pasi yangu muhuri bila kuniangalia.

Njiani kuja Garissa nimeitoa pasi mfukoni mara nne kuitazama. Wenzetu wa kale walichonga jiwe, na hatuwajui. Mimi nina wino wa muhuri tu.