Vifurushi Viwili vya Bafta

Pikipiki ya mume wangu ilikuwa gari la mizigo la Kibiti nzima, na mimi nilikuwa mmoja wa mizigo. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyokaa juu yake. Mtoto mgongoni, nimemfunga kwa kanga mbili. Kapu la madaftari mapajani. Nyuma yangu, kwenye keria, gunia la mchele la mtu, na juu ya gunia kuku wa mtu wamefungwa miguu, wananidonoa kiunoni. Kila upande mfuko wa turubai umejaa vya watu. Cha kwetu humo kilikuwa chupa ya uji wa mtoto, nayo ilikaa chini kabisa.

Mume wangu ni karani wa kununua pamba Bungu. Mimi nilikuwa mwalimu wa wasichana hukohuko, ila nyumba yetu iko Kibiti. Kila asubuhi tunakwenda, kila jioni tunarudi, na njia nzima watu wanapunga mikono. "Karani! Karani, nipelekee hiki kwa shemeji!" Naye anasimama. Hajawahi kumpita mtu. Samaki wakavu kutoka delta, harufu inabaki kwenye nywele zangu mpaka Ijumaa. Mikeka. Mara moja cherehani, nikaikumbatia kama mgonjwa.

"Mwambie hapana," nilikuwa namwambia.

"Ni amana, mke wangu. Mtu amekuamini, utamwambiaje hapana?"

"Kwa mdomo. Si unao?"

Anacheka. Watu wanampenda kwa kicheko hicho. Mimi nilikuwa nachelewa kazini kwa kicheko hicho.

Na injini yeye hazimi. Pikipiki ile ikizimwa haiwaki mpaka wanaume wawili waisukume, kwa hiyo yeye hupokea na kukabidhi mizigo ikiwa inanguruma. Mtu anapiga kelele, yeye anaitikia kwa kichwa, twende. Nani kasema nini, Mungu anajua.

Mimi nimesoma sekondari. Wanawake wa huku kwetu tuliofika huko, ukituita wote hatujazi mkeka mmoja. Nilipojifungua, mwalimu mkuu alinikubalia nirudi na mtoto, alale kwenye tenga nyuma ya darasa, mpaka mkaguzi atakapokuja na kusema. Mkaguzi alikuwa bibi wa Kizungu kutoka Dar es Salaam. Akisema mwalimu mwenye mtoto mchanga anafaa, nabaki. Akisema hafai, narudi jikoni. Hilo tu ndilo nililokuwa nalitaka duniani, kubaki.

Siku aliyokuja, tulianzia dukani kwa Mhindi. Fundi anayeshona barazani pale alikuwa amenikatia bafta, kile kitambaa cheupe chepesi, na kuipinda, nepi mpya za mtoto, maana sikutaka Mzungu aone matambara. Mwenye duka akanifungia kwenye gazeti la Kihindi, akalizungushia uzi. Nikaona mtu amesimama ngazini na baiskeli, macho mekundu. Mkononi ana kifurushi. Gazeti lilelile, uzi uleule.

"Karani, nakuomba," akamwambia mume wangu. "Mtoto wa kaka yangu amefariki alfajiri. Hii ni sanda yake. Mimi naendelea Ikwiriri kuwaita ndugu. Kaka atakuwa barabarani, pale njia panda ya mikorosho. Wanangoja hiki tu wamzike."



"Mtoto wa umri gani?" nikauliza.

"Kama huyo wako, dada."

Nikamvutia mwanangu kanga mpaka kichwani. Mume wangu akakitia kifurushi chao kwenye mfuko wa turubai, na changu akakitia humohumo.

Njia panda tulimkuta baba yule amesimama peke yake, mikono imening'inia. Pikipiki inanguruma. Mume wangu akatia mkono mfukoni, akatoa kifurushi, akakikabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima, kama anavyofanya. Yule baba akasema kitu. Hatukusikia. Tukaondoka.

"Amana imefika," mume wangu akasema, na akashukuru Mungu.

Darasani, mkaguzi alikaa kwenye kiti cha nyuma, karibu na tenga. Nilikuwa nafundisha vizuri. Hili siachi kulisema, hata kama hakuna anayeuliza: nilikuwa nafundisha vizuri sana. Wasichana wananyoosha mikono, mkaguzi anaitikia kwa kichwa, anaandika. Mtoto akalia. Amelowa. Nikawapa wasichana hesabu ya kufanya, nikampakata, nikakata uzi wa kifurushi kwa meno.

Kitambaa kilikuwa kirefu, hakina pindo. Ndani yake pamba, kafuri, vijiti vya udi, na kichupa cha marashi.

Harufu ya kafuri ilitangulia kuwafikia wasichana wa mbele. Wote wanaijua. Kalamu zilisimama. Mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, hiyo si ya mtoto wako, sivyo?"

Nilimfunga mwanangu mgongoni akiwa vilevile, amelowa. Mlangoni mwalimu mkuu akanishika mkono.

"Ukitoka sasa, Mwalimu, nitamwambia nini huyu bibi?"

"Mwambie kuna maiti ya mtoto inangoja nguo."

"Atakuelewa kweli? Mtume mtu basi."

"Nani? Nimpe nani sanda ya mtu, atembee nayo mpaka njia panda?"

Akaniachia mkono. Mkaguzi alikuwa anatutazama kwa ule uso wao wa kungoja. Nikatoka.

Kwenye ghala la pamba nilimkuta mume wangu kwenye mizani. Nikamwonyesha kilichomo ndani ya gazeti. Yule mtu wa kucheka akashika mdomo.

"Umewapa nepi," nikamwambia. "Umewapa wafiwa nepi za mwanao."

Wapagazi wakaisukuma pikipiki, wakapiga kelele kama wanavyopiga wanaposukuma kitu, mmoja akatania, "Karani, leo unabeba mke peke yake? Imekuwaje!" Ni kweli. Ilikuwa mara ya kwanza keria kuwa tupu. Nilikaa kwa raha niliyoiomba mwaka mzima, sanda kifuani, na nilitamani hata wale kuku wa kunidonoa.

Tuliwakuta nyumbani kwao, wametoka makaburini. Wanaume wananawa miguu. Mume wangu akazima injini, kwa mara ya kwanza njiani, akaenda kwa yule baba akapiga magoti. Mimi nikaingizwa ndani kwa wanawake. Bibi wa marehemu akapokea kifurushi, akakifungua, nikamweleza kwamba zile za asubuhi zilikuwa nepi.

"Kumbe," akasema. "Sisi tulidhani ndiyo mambo ya Kibiti. Tukasema, siku hizi mjini hata sanda wanapinda. Tukakaa tunafumua pindo kwa wembe, mwanangu, moja moja, maana sanda haishonwi, hatuwezi kumzika mtu na pindo. Tukavitandika vile vitambaa, kimoja juu ya kingine. Vilimtosha."

Mwanamke mmoja akacheka, kisha akaziba mdomo kwa kanga. Mama wa marehemu alikuwa amelala ameelekea ukutani. Hakugeuka. Alisema tu, "Za nani?"

"Za huyu," nikajibu, na mwanangu akalia mgongoni kana kwamba ameitwa.

Baadaye yule mama akasema, "Mfunge kitu kikavu." Bibi akanipa kipande cha kanga yake.

Nje, nilikuwa nimejiandaa wamtukane mume wangu. Nilitaka wamtukane. Yule baba akamwinua kutoka chini akamwambia, "Karani, wewe unasimama mtu akikupungia. Wengine wanapita na mavumbi yao." Na wanaume wakaenda kumsukumia pikipiki. Hapo hasira yangu ilikosa pa kukaa, mpaka leo inazunguka nyumba.

Mkaguzi alikwisha kwenda tuliporudi. Mwalimu mkuu alinieleza bila kunitazama. Amesema ninafundisha vizuri. Amesema pia imeonekana kwamba mambo ya nyumbani yatanivuta, kwa hiyo nipumzike mpaka mtoto akue. Nipumzike! Wasichana wangu sasa wamechanganywa na darasa la wavulana, mwalimu mmoja, na nasikia wengine wameacha kuja.

Sanda hawakubaki nayo. Bibi alinirudishia, akasema kwao imekwisha kupita haja, niikabidhi msikitini kwa atakayefiwa naye hana sanda. Niliipeleka mwenyewe, kwa miguu.

Mume wangu bado anasimama njiani. Tofauti ni kwamba sasa watu hawamngoji barabarani. Wanajua mkewe yuko nyumbani, wanaleta mizigo jioni mlangoni kwangu. "Mama, kesho baba watoto ampelekee hiki dada yangu Bungu." Napokea. Kisha mbele ya mwenyewe nakata uzi, nafungua, natazama kilichomo, nafunga upya kwa uzi wangu mwekundu.

"Huniamini, bibi wee?" wananiuliza, wamekasirika.

"Sikuamini," nawajibu. "Mzigo utafika kesho."