Ukuta Mmoja na Baba Mkwe

Nilikuwa bado bibi harusi, kwenye mteremko ulio juu ya Nyacheki, halmashauri ilipotuletea habari ya nyumba za safu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Bwana mipango, kijana mpole kutoka mbali, alitueleza barazani kwamba mteremko wetu wote ungejengwa. Kila familia ingeacha shamba lake na kupewa nyumba ya matofali, nyumba nne chini ya paa moja, na kwenye ardhi iliyobaki wangejengewa watu wa mjini. Kisha akataja bomba. Kila nyumba ingekuwa na bomba lake.

Bomba ndilo lililotulegeza sisi wanawake. Mtoni kwetu unashuka ukiimba na kupanda ukihema, mtungi kichwani. Mama mkwe wangu alishangilia waziwazi. Mimi sikushangilia, maana nilikuwa na nyumba yangu: vyumba vitatu vya udongo, mabati mapya, na jiko lililotazama migomba. Mume wangu aliikandika kwa mikono yake. Kwetu nilikozaliwa nililala na wadogo zangu tumebanana kama viazi kwenye gunia. Hapa, kwa mara ya kwanza, niliweza kucheka nipendavyo. Sikutaka kutoka, basi.

Wanaume walipinga, lakini walipinga vibaya. Mmoja alisema ng'ombe watakaa wapi, akaambiwa kutakuwa na zizi la pamoja. Mwingine alisema ndizi, akaambiwa sokoni zimejaa. "Mkataa pema, pabaya panamwita," bwana mipango akatuonya, na chifu akapiga makofi. Baba mkwe wangu, mzee wa kanisa la Sabato, hakutia neno.

Nilimkasirikia sana. Nilijua kilichomkera, kila mwenyeji alikijua. Kwetu kuna chinsoni, ile heshima yenye haya kati ya wakwe. Baba wa mume haingii katika nyumba ya mke wa mwanawe. Baba mkwe wangu akiniona natoka kuoga mtoni alizunguka shamba zima, hata kama ni matope, ili tusikutane njiani. Na kuitaja tu haya hiyo mbele yetu wake za wana ilikuwa ni kuivunja. Kwa hiyo wazee walibaki na ng'ombe na ndizi zao, wakishindwa hoja moja baada ya nyingine, na mimi nikaanza kuiaga nyumba yangu kimoyomoyo.

Siku ya kukubaliana, bwana mipango alichora nyumba kwa chokaa uwanjani kwa chifu, kwa ukubwa wake halisi. "Hatukutenganisha familia," alisema kwa fahari. Alikuwa ametupanga kiukoo: baba huku, mwana upande wa pili wa ukuta, na bafu moja la kutumia wote. Akaomba kila mtu asimame kwake aonje raha.

Wanawake tukaingia. Mimi nilisimama mahali ambapo kitanda changu kingekaa. Mbele yangu mstari wa chokaa, na ng'ambo ya mstari kitanda cha baba mkwe. Uso uliniwaka. Yeye alifika hadi kwenye chokaa, akaitazama, akarudi nyuma na kusimama nyasini na fimbo yake. Wazee wengine vivyo hivyo. Wakajipanga kando kama ng'ombe waliokataa josho.

"Mzee, ingia kwa nyumba yako," bwana mipango akamwambia.

"Nimeiona."

"Si uingie uone ndani?"

"Macho yangu iko sawa, kijana. Naona kutoka hapa."

Chifu akaishiwa na subira. "Wazee, mnaniaibisha mbele ya mgeni. Angalieni mimi." Akaenda kwa hatua za kiaskari, fimbo kwapani, hadi kwenye bafu la nyumba yake na kutia mguu. Ndani alikuwemo mke wa mwanawe, ambaye bwana mipango alikuwa amemsimamisha pale kwa sababu palikuwa patupu. Binti wa watu aliinamisha kichwa. Chifu alibaki mguu mmoja ndani, mwingine nje. Alivua kofia, akaivaa tena. Kisha akautoa mguu polepole, akapangusa chokaa kwenye nyasi, akaenda kusimama karibu na baba mkwe wangu.

"Bwana," akasema bila kumtazama mtu, "hii nyumba haitoshi watu wa hapa."

"Tunaweza kuongeza vyumba."

"Hata ukiongeza."

Maskini kijana yule! Jambo usilolijua ni usiku wa giza, na hakuna aliyemwashia taa. Mvua ya alasiri ilikuja kama kawaida yake, ikaosha vitanda vyetu vyote vya chokaa. Hatukuhamishwa, na baadaye tulisikia nyumba zile zimejengwa karibu na mji.

Bomba halikuja. Niliendelea kupanda na mtungi miaka mingi, nikilalamika kila safari.

Lakini jioni ile nilikuwa mwepesi. Nilimwigizia mume wangu mguu wa chifu, ndani, nje, mwiko ukiwa fimbo yangu, nikacheka hadi nikakaa chini. Ndipo nikasikia, kutoka uani kwa baba mkwe, mzee wa kanisa anacheka peke yake, kisha anakohoa kuficha. Nikanyamaza. Naye akanyamaza. Nikapakua ugali. Kati yetu kulikuwa na migomba, kwa hiyo nikacheka tena.