Kilichomuua Mgeni Wetu

Mimi na mume wangu tulikuwa tumeingia kichakani nje ya Itigi kukagua mizinga ya nyuki, tukasikia mtu akikohoa. Kilikuwa kiangazi, miti imebaki miiba mitupu. Tukawakuta vijana wawili wamelala chini, midomo imepasuka. Mmoja aliweza kukaa. Mdogo wake alitutazama tu. Kiswahili hawakukijua. Baadaye, kupitia kwa mkalimani, tulielewa kwamba walitoka Ethiopia wakielekea kusini, wamefichwa ndani ya lori chini ya magunia, na kwamba dereva alipopigiwa simu kuwa kuna polisi mbele, aliwashusha humo porini akaondoka.

Mume wangu akambeba yule mdogo mgongoni hadi nyumbani. Nikampa maji kidogo kidogo, kama tunavyompa mtoto anayeharisha. Kisha nikapika uji wa uwele, mwepesi, nikatia chumvi na sukari. Kaka mtu alikunywa akalala. Mdogo alimeza vijiko vichache, akapaliwa, akaanza kuhema kama mbuzi aliyekabwa na kamba. Nikamwinamisha, nikampigapiga mgongoni. Alifia mikononi mwangu kabla ya pikipiki ya kumpeleka hospitali kufika.

Dereva alikamatwa. Mahakamani Manyoni alikiri kusafirisha watu kwa magendo, lakini kifo alikikataa. Wakili wa serikali alinieleza kwamba kilichobaki ni adhabu tu. Ikithibitika kuwa kitendo cha dereva ndicho kilichomuua kijana, kifungo kitakuwa kirefu. Isipothibitika, atahukumiwa kwa ile safari, kana kwamba hakuna aliyekufa. Mimi niliona ni jambo la wazi. Nani asiyejua kwamba kiu inaua?

Nilipopanda kutoa ushahidi, wakili wa dereva hakunifokea. Alikuwa kijana wa umri wa mwanangu. Aliniamkia shikamoo, nikaitikia, ndipo akaanza kuuliza.

"Mama, ulipomkuta alikuwa hai?"

"Ndiyo."

"Akanywa maji yako, akawa bado hai?"

"Ndiyo."

"Akapaliwa na nini?"

Nikamtazama wakili wa serikali. Hakimu akaniambia nijibu.

"Na uji," nikasema.

Baada yangu alipanda daktari aliyeuchunguza mwili. Alisema kijana alikuwa amekaukiwa maji na figo zake zimeharibika, lakini pia alikuta uji kwenye njia ya hewa. Wakili akamtaka aseme kipi kati ya hivyo kilimuua. Akajibu kwamba hawezi kuvitenganisha. Wakili wa serikali akasimama akasema kijana asingeachwa porini asingedhoofika, na asingedhoofika asingepaliwa. Nilipomsikia, moyo ukanitulia kidogo. Lakini hakimu alisema shaka imebaki, na faida ya shaka ni ya mshtakiwa. Akamhukumu kwa kusafirisha watu, basi.

Mkalimani alikuwa akimnong'oneza kaka wa marehemu. Niliona maneno yanavyomfikia, kwa sababu uso wake ulibadilika. Hakumtazama dereva. Alinitazama mimi. Nilitaka kumwambia kitu, lakini lugha yake sina, na hata ningekuwa nayo sijui ningeanzia wapi.

Nje nilimkuta daktari akifungua mlango wa gari lake. Nikamshika mkono wa shati, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mwanaume nisiyemfahamu.

"Daktari, hapa si mahakamani. Niambie tu. Ni uji wangu?"

"Mama, ningejua ningesema mle ndani," akasema. "Sijui."

Nilimshukuru, sijui kwa lipi.

Kwenye basi la kurudi Itigi mume wangu alirudia kwamba yule mtoto angekufa tu, hata kama tusingempa chochote. Nikamuuliza amelijuaje hilo, wakati daktari mwenyewe halijui. Aligeukia dirishani, nami sikumuuliza tena.