Pumzi Chini ya Leso

Mwanamume niliyempenda alikuwa na ugonjwa mmoja tu: akiwekwa mbele ya wazee, sauti ilimhama. Tukiwa wawili aliongea mpaka nikachoka kumsikiliza. Lakini siku alipokuja kwetu Ruiru mara ya kwanza, baba yangu alimtazama juu ya miwani akamuuliza amekuja kutafuta nini. Kila mtu pale sebuleni alijua jibu. Yeye akasema, "Maji ya kunywa." Akaletewa glasi, akainywa yote, na wazee aliokuja nao wakaangalia dari.

Baba hakucheka. Aliwaambia safari nyingine hataki msemaji. Kwetu kuna ile desturi ya ruracio, siku ya kupeleka mahari: wasichana hufunikwa leso kutoka kichwani hadi miguuni, na bwana harusi huambiwa aonyeshe yupi ni wake. Kwa kawaida akikosea analeta kreti ya soda, watu wanacheka, anajaribu tena. Baba alisema huyu atachagua mara moja tu, na atasema kwa mdomo wake mwenyewe. Akishindwa, asirudi. Sikumsalimia baba siku tatu, na kwa mtu aliyeishi nyumba moja naye hiyo ilikuwa kazi ngumu.

Ndipo nikasikia habari za mwalimu wa Thika. Alikuwa mama mnene, mcheshi, aliyefundisha mazoezi ya viungo shuleni miaka mingi. Sasa, kila Jumamosi mchana, alifundisha watu wazima kupumua, katika chumba nyuma ya duka la fundi wa nguo. Mchumba wangu alifanya kazi kiwanda cha matunda hapo hapo Thika. Nilimpeleka kwa kumvuta mkono, naye akalalamika njia nzima kwamba kupumua anajua tangu azaliwe.

Tuliketi kwenye mikeka. Vuta hewa ukihesabu nne, ishike mbili, itoe sita. Unapoitoa, sema moyoni sentensi moja ya kupinga ile hofu unayojiambia kila siku. "Pumzi peke yake itakulaza usingizi," mwalimu alisema. "Maneno peke yake utayasahau kabla ya kufika stendi. Yapeleke pamoja." Mchumba wangu alipewa yake: "Sauti yangu ni yangu." Mimi nilikaa kando, msindikizaji tu, lakini yule mama akaninyooshea kidole.

"Na wewe unayetikisa mguu?"

"Mimi sina shida, mwalimu."

"Basi yako ni 'Mimi nimetulia.'"

Kwa wiki sita sikuwahi kumaliza hesabu bila kucheka, au bila kumkasirikia jamaa mmoja aliyekuwa akikoroma kwenye kona. Mwalimu alitangaza mbele ya darasa zima kwamba mimi ndiye mgonjwa wake sugu. Niliumia sana, hasa kwa vile mwenzangu alikuwa anapona. Alikuwa ameanza kuitisha chumvi hotelini kwa sauti ya kusikika.

Hata hivyo sikumwamini. Wiki ya ruracio nikampangia ujanja.

"Nitapumua ile ya mwalimu," nikamwambia. "Wewe angalia leso kifuani. Ile inapanda kwa nne na kushuka kwa sita, hiyo ni mimi."

"Si hiyo ni kuiba mtihani?"

"Wewe unataka bibi ama unataka cheti?"

Siku yenyewe, mimi na binamu zangu sita tulifungiwa chumbani kwa mama tukisubiri kuitwa. Walikuwa na wasiwasi kuliko mimi. "Haki mimi nitacheka," mmoja alinong'ona. "Akisimama mbele yangu tu, nitacheka. Tutafanya aje?" Shangazi, aliyekuwa akitufunga leso, akamwambia akicheka atamfinya. Na mimi, kwa ujuaji wangu, nikawafundisha. Vuta nne, shika mbili, toa sita. Waliipenda. Walishika haraka, hata yule wa kucheka akanyamaza, nami nikajivunia kana kwamba nimefungua shule.

Tulitolewa hadi uani, tukapangwa mstari chini ya hema. Nikaanza kupumua kama tulivyopatana. Nilikuwa nimefika mbili nilipomsikia binamu wa kulia akiishika hewa yake. Wa kushoto akaitoa, polepole, sita kamili. Mstari mzima ulikuwa unapumua pamoja, tena vizuri kuliko mimi.

Haiya! Nilitaka kujipiga kofi, lakini mikono ilikuwa imefungwa.

Chini ya pindo la leso niliona viatu vyake vipya, vile nilivyomchagulia mwenyewe. Vilisimama kwa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Vikafika kwangu. Vikanipita.

Niliogopa kwa namna ambayo sijawahi kuogopa tena. Niliona maisha yangu yote yakienda na viatu vile. Hesabu ikanipotea, sentensi ikanipotea, nikaanza kuhema kwa mdomo na mguu ukaanza kutikisika. Moyoni nilimwita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa, maana mchungaji wetu husoma. Viatu vilifika mwisho wa mstari vikasimama. Nikamsikia akivuta hewa, akiishika, akiitoa bila haraka. Kisha viatu vikarudi.

"Ni huyu," alisema. Hata waliokuwa jikoni walimsikia.

"Umemjuaje?" baba akauliza.

"Hawa wengine wote wametulia, mzee."

Shangazi akanivua leso mbele ya koo mbili, mimi nikilia na kufura kwa hasira, mguu bado unacheza. Baba alinitazama, akamtazama mkwe wake, akacheka mpaka akavua miwani.

"Mpeni maji ya kunywa," akasema. "Kwa huyu wangu, atayahitaji."